Daktari wa Meno na Tabia ya Kuangalia

Taarifa ya kifo chake ilinifikia kama zinavyotufikia taarifa zote sisi tunaoishi huku, kwenye kundi la simu la watu wa kanisani, katikati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na picha ya mtoto aliyebatizwa. Dada yetu daktari ametutoka ghafla asubuhi hii. Nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai. Nikazima jiko, nikampigia mume wake, naye akapokea upesi kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kupokea simu nyingi. Nilipaswa kusema pole. Kila mtoto aliyelelewa kwetu anajua kwamba kwenye msiba neno la kwanza ni pole, kisha unanyamaza, na maelezo kama yapo yatakuja yenyewe. Mimi sikusema pole. Nilisema, "Shemeji, ni ile bastola?" Nyuma yake nilisikia watu wakiburuta viti. Ndipo akaniambia, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana: "Hata wewe, ndugu yangu?"

Haikuwa bastola. Mshipa ulipasuka kichwani akiwa kazini, kwenye zahanati yake ya meno pale Yeoville, hapa Johannesburg, alipokuwa akimngoja mgonjwa mwingine aingie, glavu zikiwa bado mikononi. Alifikishwa hospitali hajitambui, na hakuamka tena. Ni kifo ambacho kingeweza kumpata mwalimu, mpishi, au mimi ninayeandika haya. Lakini kwa kuwa marehemu alikuwa na leseni ya silaha na alishiriki mashindano ya shabaha, sisi Waswahili wa mji huu, Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania, tuliuliza wote swali lile lile kabla ya kutoa pole. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba si ukatili. Na wengine wote walikuwa na udhuru, maana bastola hawaijui, wanaiona tu kwenye habari na kiunoni mwa walinzi wa maduka. Mimi sikuwa na udhuru. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mambo yangu ni vitabu, siasa kidogo na kulalamikia bei ya vitunguu, kwa hiyo huenda mkashangaa mtu kama mimi alifikaje kwenye uwanja wa shabaha. Nilifika kwa njia ya jino. Gego langu la nyuma lilikuwa linanitesa, nikaenda kwake kwa kuwa niliambiwa kuna daktari Mkenya ambaye unaweza kumweleza maumivu yako kwa Kiswahili, na maumivu, kama mjuavyo, hayatafsiriki vizuri. Nilimwonyesha jino kwa kidole. Picha ya jino ilikuwa ukutani, inawaka. Msaidizi wake naye alikwisha kulitaja. Hata hivyo akainama, akagonga moja, akagonga la pili, akaniuliza upya kama vile hatujazungumza. Nilipumua kwa kukosa subira. "Kaka, hebu tulia," akasema, "jino likishatoka halirudi." Ndipo nilipoona namna alivyoshika kile kibomba cha kurushia maji mdomoni. Kidole chake cha shahada hakikugusa kitufe. Kilikuwa kimenyooka pembeni mwa kile kibomba, sawa kama rula, na kilishuka kwenye kitufe pale tu ncha ilipokuwa mahali anapotaka maji yaende. Alipomaliza maji, kidole kikarudi pembeni. Baadaye, nusu ya mdomo wangu ikiwa imekufa ganzi, nilimuuliza kwa nini. Alicheka sana. "Wee, umeona? Hiyo sifanyi mimi. Hiyo hujifanya yenyewe." Ni tabia ya uwanja wa shabaha, akanieleza, akanialika nikaone.

Mchezo aliokuwa akiucheza mwisho wa juma si wa kusimama mahali pamoja na kulenga duara. Nje kidogo ya mji, chini ya lundo la udongo wa mgodi wa zamani, mnapangiwa njia yenye kuta za mbao, madirisha ya kuigiza na milango isiyoenda popote, na nyuma yake yamesimamishwa maboksi yaliyokatwa kwa umbo la kiwiliwili. Saa ndogo inalia, unachomoa bastola kwenye ala kiunoni, unakimbia, unalenga, unabadilisha magazini huku unatembea, na alama zako zinagawanywa kwa muda uliotumia. Hatua moja nyuma yako anakufuata mwamuzi mwenye ile saa, na huyo hatazami maboksi hata kidogo. Anatazama mkono wako. Akiona kidole kimeingia kwenye kifyatulio wakati unakimbia, au mdomo wa mtutu umegeuka kuelekea upande walipo watu, anapaza sauti mara moja, "Simama!", na siku yako imekwisha. Hakuna onyo, hakuna kuomba radhi, hata uwe bingwa wa nchi. Daktari alikuwa mshindani wa wastani, nasema kweli, lakini kama mwamuzi hakuwa na mfano, na ndiye aliyenifundisha.

Nilidhani angenifundisha kulenga. Kwa wiki nyingi sikulenga kitu. Alinipa bastola ya plastiki na ala yake, akaniambia nikasimame sebuleni kwangu nikichomoa na kurudisha, polepole kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, kidole kimenyooka, na kila ninapoishika kwa mara ya kwanza niifungue na kuangalia kama ina kitu ndani. Ya plastiki! Mke wangu alikuwa akipiga pasi pembeni, akaniuliza, "Baba, hiyo ya plastiki nayo hubeba mimba ya risasi?" Nikamweleza daktari malalamiko ya nyumbani kwangu, nikidhani atanionea huruma. Hakunionea. Alisema kwamba saa ikilia mtu mwenyewe huondoka. Mawazo yanakimbilia maboksi, yanakimbilia wanaokutazama, yanakimbilia muda. Kinachobaki pale na bastola ni mikono peke yake, na mikono itafanya tu kile ilichokizoea, kizuri au kibaya, bila kukuuliza. "Kichwa kitasahau," alikuwa akisema. "Usikitegemee kichwa. Fundisha mkono mpaka siku kichwa kimepotea, mkono uwe unajua njia ya nyumbani." Siku moja mke wangu alininyooshea kidole akicheka mpaka akakaa chini: nilikuwa nimeshika chupa ya kunyunyizia nguo maji, na kidole changu kilikuwa kimenyooka pembeni.

Kulikuwa na jambo lililonisumbua zaidi kuliko hilo, na lilihusu adabu. Pale uwanjani mtu akikupa bastola, hata kama ameifungua mbele ya macho yako, akaichungulia na kusema ni tupu, wewe ukiipokea unaifungua upya na kuichungulia. Ukimrudishia papo hapo, naye anaichungulia. Mimi nimelelewa na bibi aliyenifundisha kwamba ukipakuliwa chakula hufunui mfuniko kuangalia umewekewa nini. Mwenye nyumba ataona unampima. Sasa hapa naambiwa nimpime mzee wa watu aliyeanza mchezo huu kabla sijazaliwa, tena machoni pake. Mara ya kwanza niliipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nikaiweka kwenye ala. Daktari alinifuata pembeni. "Umemdharau," akaniambia. Nikasema nilikuwa namheshimu. Akatikisa kichwa. "Kuiangalia bastola aliyokupa mtu si kumshuku, kaka. Ukimwamini ukaacha kuangalia, umemtwika yeye kazi yako. Siku akikosea, atakuwa amekosea peke yake, na wewe ulikuwa pale." Nilielewa maneno. Kuelewa maneno, kama tutakavyoona, ni kitu kidogo sana.

Nilimwona akilifanya hilo siku moja ya mvua, kwa mhandisi mmoja wa migodi ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa klabu. Mshindani akimaliza, anatoa magazini kwanza, ndipo anavuta sehemu ya juu ya bastola ili risasi iliyobaki ndani itoke. Bwana yule alikuwa amelowa, ana furaha, ameshinda na anajua. Akageuza utaratibu: akavuta kwanza, risasi ikaruka, ndipo akatoa magazini. Mnaona kosa lililopo? Alipovuta, ile ya ndani ilitoka, na nyingine ikapanda kutoka kwenye magazini kuchukua nafasi yake. Risasi moja ilikuwa chini kwenye tope, kila mtu ameiona, na nyingine ilikuwa ndani, hakuna aliyeiona. Akainua bastola kuelekea ukuta wa udongo ili afyatue, kama ilivyo desturi ya kuthibitisha kwamba ni tupu. "Onyesha," daktari akasema. "Umeiona ikitoka," yule bwana akajibu huku akitabasamu. "Nimeiona. Onyesha." Watu walikuwa wanataka kukimbilia kwenye hema. Bwana akafungua kwa mkono wa kuchoka, na ile ya pili ikaanguka karibu na kiatu chake. Sheria haikumwondoa, kwa kuwa hakuwa amefyatua, lakini alikwenda kukaa kwenye benchi na ushindi wake akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Daktari hakumsimanga, wala sikumsikia akikisimulia kisa hicho mahali popote baadaye.

Mimi mwenyewe alinisimamisha, tena siku niliyomleta mke wangu na marafiki zetu wawili kutoka mtaa wa Troyeville waje waone mwandishi wao anavyokimbia. Kidole kiliingia wakati nabadilisha magazini. Sikukisikia kikiingia; ndiyo maana nasema mikono haiulizi. Nilisikia tu "Simama!" ya daktari kisogoni, na uso wangu ukawaka moto. Desturi ya uwanja ni kwamba aliyeondolewa haendi nyumbani. Anabaki mpaka mshindani wa mwisho, anabandika vipande vya karatasi kwenye matundu ya maboksi ili wengine waendelee. Nilibandika huku marafiki zangu wakijifanya wanatazama mawingu. Daktari alikuja na karatasi zake, tukabandika pamoja, na baada ya muda akasema, "Inauma, si ndio? Acha iume. Lakini iume ukiwa unafanya kazi." Nimeishi na sentensi hiyo, na wiki hizi mbili naitafuna kila siku.

Johannesburg ni mji wa kufunga. Tuna geti, nyuma ya geti kuna mlango wa chuma, nyuma ya mlango wa chuma kuna mlango wa mbao, na juu ya ukuta nyaya za umeme zinalia kama nyenje. Ukimuuliza yeyote wetu atakwambia yeye ni mwangalifu mno. Daktari alikataa kabisa kwamba huo ni uangalifu. Alisema ni woga, na kwamba woga ni mvivu, unafunga milango yote na hauangalii hata mmoja. Nilimpinga wakati ule, maana nilikwisha kuporwa simu kwenye robot, zile taa za barabarani, mchana kweupe na nilijiona nina shahada ya woga. Sasa naona alikuwa na maana pana kuliko makomeo. Sisi wageni katika mji huu tunaishi kwa kusikia. Tunasikia fulani hana karatasi, fulani ndoa yake imevunjika, fulani amepata nyumba kwa njia zisizoeleweka, na kwa kuwa tuko wachache na tunahitajiana, tunapokezana habari hizo jinsi zilivyo, kila mtu akimwamini aliyempa. Hakuna anayefungua kuangalia ndani. Tungeonekana hatuna adabu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa matangani, nyumbani kwao mtaa wa Observatory, pale kwenye mteremko. Watu walipanda kwa miguu kutoka Yeoville, wengine walishuka kwenye teksi barabara ya chini wakiwa na masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na chapati zilizofungwa kwenye vitambaa. Waliimba vizuri, waliomba vizuri, na katikati ya nyimbo walinong'ona. Mama mmoja, mtu mwema ambaye amenilisha mara nyingi, aliwaambia wenziwe kwenye kochi kwamba marehemu alikuwa akilala na bastola chini ya mto, imejaa, na kwamba Mungu amesaidia haikumlipukia mtoto. "Eish, dada, na yule binti kalala chumba cha pili," akasema mwingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumbani kwa daktari. Na binti mwenyewe, mtoto wao wa pekee, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amesimama nyuma ya kochi na sinia la vikombe. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawazungumzi Kiswahili, kwa hiyo tunajisahau. Wanakielewa chote. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na lile kochi, nilisikia kama alivyosikia yeye, na nilikunywa chai yangu.

Alinifuata uani nilipotoka kupunga hewa. Aliniuliza kwa Kiingereza, nami nayaweka hapa kwa lugha yetu. "Anko, wewe ulikuwa unapiga shabaha naye. Ile bastola humu ndani ilikuwa na risasi?" Nikamwambia mama yake alikuwa mtu makini kuliko wote ninaowajua. Akasema hakuniuliza hilo. Sefu imefungwa kwenye ukuta wa kabati la mama yake, akanieleza, na upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda chake, kichwa chake kilipolala tangu akiwa mdogo. Hakuwahi kuwaza jambo hilo. Sasa kila anayekuja kumpa pole anamtazama kama mtu aliyenusurika, na yeye ameanza kukumbuka mambo: mlango wa mama uliokuwa ukifungwa kwa dakika chache jioni, mlio wa chuma. "Nataka tu kujua kama nilikuwa salama kwa mama yangu," akasema. Nikamshika bega, nikarudia kwamba mama yake alikuwa mtu makini. Aliniangalia kwa adabu, akarudi ndani kuosha vikombe.

Baada ya mazishi, mume wa marehemu aliniomba nije siku ya kutoa silaha. Sheria ya hapa haiwaruhusu wasio na leseni kubaki na bastola ya marehemu. Mwenye duka la silaha lililoidhinishwa huja kuichukua na kuihifadhi mpaka mambo ya mirathi yaishe. Aliyekuja ni mzee mmoja wa Soweto, mmoja wa waamuzi wa klabu yetu, mtu wa sauti ya chini, aliyevua kofia mlangoni na kusema pole kabla ya jambo lolote. Ufunguo wa sefu ulikuwa umerudi kutoka hospitali pamoja na hereni na saa ya mkononi, kwenye bahasha, kwa kuwa daktari aliuvaa shingoni kazini na nyumbani. Mume alishindwa kuugusa. "Fungua wewe, ndugu yangu," akaniambia. Binti alisimama kwenye mlango wa chumba, mikono ameikunja, hakutaka kukaa.

Nilifungua. Bastola ilikuwa kwenye mfuko wake mweusi wenye zipu, sehemu ya chini. Risasi na magazini zilikuwa kwenye kisanduku chenye kufuli, sehemu ya juu. Nilitambua mpangilio wake. Harufu ya mafuta ya kusafishia ilinijia, na nikaona kama naingia uwanjani asubuhi na yeye ananingoja na saa yake. Nikafungua zipu, nikaishika bastola, nikamgeukia mzee aliyekuwa ameinamia fomu zake, nikamnyooshea huku mtutu ukitazama sakafuni. Kidole changu kilikuwa kimenyooka. Hilo mikono ililikumbuka. Nikasema, "Ni tupu, mzee."

Hakuipokea. Alinyanyua macho. "Umeangalia?"

"Ni ya daktari," nikajibu. "Haiwezi kuwa na kitu."

Nilisema hivyo kwa heshima zote. Nilisema kwa upendo, mnielewe. Nilidhani naweka shada la maua juu ya jina lake, mbele ya mume wake na mtoto wake, baada ya yale yote yaliyosemwa sebuleni. Na binti akasema, kutoka pale mlangoni, kwa sauti ambayo haikuwa na ukali, sauti ya mtu anayemaliza kuhesabu waliobaki wa kumjibu: "Kwa hiyo, Anko, na wewe hujui."

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala siku ya maboksi, wala siku ya ile simu. Alikuwa ameniuliza uani na nikampa sifa. Sasa nilikuwa na jibu lake mkononi, kwa uzito wake wote, lingenichukua sekunde moja kulifungua, na nikampa sifa tena. Mama mwema wa kwenye kochi alisema imejaa, mimi nikasema ni tupu, na kwa mtoto yule tulikuwa mtu yule yule. Mume wa marehemu alitazama zulia. Mzee wa Soweto aliweka kalamu chini, akainuka, akaichukua bastola mkononi mwangu kwa upole. Hakunikaripia. Akaielekeza kwenye kona ya ukuta wa nje, akahakikisha hakuna magazini, akavuta sehemu ya juu ikabaki wazi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia, kisha akaingiza kidole chake kidogo ndani. Ndipo akamwita binti kwa Kizulu, lugha ambayo yule binti anaizungumza kama maji. "Woza, ndodakazi. Buka." Njoo, binti yangu. Angalia.

Alikuja. Mzee alishika bastola, yeye akainama, akachungulia kwa muda mrefu kuliko tulivyochungulia sisi sote kwa pamoja. Aliingiza kidole chake kidogo kama alivyoonyeshwa. Kilitoka na alama ya mafuta tu. Binti akamtajia mzee ule mlio wa chuma wa jioni, naye akamweleza, kwa maneno machache niliyoweza kuyafuata, kwamba ulikuwa huu. Akaufanya, akamwuliza kama ndio. Binti akasema ndio. Mama yake alikuwa akifungua na kuangalia, akasema mzee, kila alipoitoa na kila alipoirudisha, hata pale uwanjani, hata bastola yake mwenyewe aliyoiangalia muda mfupi uliopita. Yule mtoto alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake na akalia kwa sauti. Baba yake alisema baadaye kwamba tangu siku ya kifo alikuwa hajalia.

Nilikuwa nimesema kweli. Bastola ilikuwa tupu, kama nilivyosema, na ukweli huo haunipunguzii chochote, kwa sababu sikuupata kwa kuangalia, uliniangukia. Nimeandika safu hii miaka mingi na najiuliza ni mara ngapi nimewapa ninyi wasomaji wangu maneno ya namna hiyo, ya kweli kwa bahati, kwa kuwa nilimpenda mtu au nilimchukia. Nimekwenda kwa yule mama wa kwenye kochi, si kumgombeza, maana ningeanzia wapi, bali kumweleza tulichokiona. Alishika mdomo. Akasema atawaambia wenziwe. Labda atawaambia.

Kabla ya kuitia bastola kwenye mfuko, yule mzee alinigeukia, akaninyooshea. Alikuwa ameangalia. Binti alikuwa ameangalia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na nimewaona wote wawili wakiangalia, na sehemu ya juu bado ilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Niliipokea, nikaielekeza ukutani, nikaisogeza dirishani, nikainama. Binti aliniangalia mpaka nilipomaliza. Ndugu zangu, kumwamini mtu si ruhusa ya kutoangalia, na kumshuku mtu si sawa na kuwa umeangalia. Na anayetuuliza kama alikuwa salama mikononi mwa ampendaye anastahili kuonyeshwa. Nilichelewa kumwonyesha. Nilimrudishia mzee bastola, naye, kabla ya kuitia mfukoni, akaangalia.